Je, Mkahawa Unaweza Kisheria Kuzitenga Familia Zenye Watoto Wadogo?

Likizo za shule zinapofika na Malindi ikajaa wageni kutoka bara, dawati letu la ushauri wa kisheria huulizwa swali lilelile: je, mwenye mkahawa anaruhusiwa kuwaambia wazazi waliofuatana na watoto wadogo kwamba meza zinazotazama bahari si zao, wakae nyuma? Sheria za Kenya hazimpangii mwenye mkahawa mteja gani akae wapi. Hata hivyo uhuru huo una mipaka, na mipaka yenyewe imewekwa na Katiba.

Kifungu cha 27 cha Katiba ya mwaka 2010 kinataja umri miongoni mwa mambo ambayo mtu hapaswi kubaguliwa kwa sababu yake, pamoja na jinsia, ujauzito, rangi, dini na mavazi. Wengi hudhani kwamba katazo hilo linaihusu Serikali peke yake, ilhali kifungu kidogo cha 5 kinamkataza mtu yeyote kumbagua mwenzake, mwenye mkahawa akiwemo. Katika hili tunatofautiana na nchi ambazo sheria zake husomwa sana kwenye intaneti. Sheria ya Usawa ya Uingereza ya mwaka 2010 haiwakingi walio chini ya miaka 18 dhidi ya ubaguzi wa umri katika utoaji wa huduma, na sheria ya Marekani ya mwaka 1964 kuhusu haki za kiraia, inapozungumzia mikahawa, haitaji umri kabisa.

Pamoja na hayo, si kila kutofautisha ni kubagua. Mahakama zetu zimekuwa zikikitegemea kipimo cha Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini katika kesi ya Harksen dhidi ya Lane ya mwaka 1997, ambacho huuliza iwapo tofauti iliyowekwa ina uhusiano wa maana na lengo halali, na iwapo inamwonea aliyetofautishwa na kumvunjia utu wake. Mkahawa wa darini mjini Lamu ukiwaweka watoto mbali na ukingo mfupi, au mbali na jiko la mkaa linalochomewa mishikaki, sababu inaonekana kwa macho. Penye baa, sheria yenyewe ndiyo inayotenga, kwani Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 inamtaka mwenye leseni awazuie walio chini ya miaka 18 kuingia sehemu ya kunywea.

Hapa pwani kuna pia sehemu ya familia yenye pazia, ambapo kina mama wanaovaa nikabu hula kwa faragha. Hiyo ni hisani, na wengi huiomba wenyewe, lakini hubaki hisani maadamu ni hiari. Mama anayelazimishwa kwenda nyuma ya pazia kwa kuwa amepakata mtoto, au kwa kuwa ananyonyesha, ana hoja ya jinsia juu ya ile ya umri, na kwa maoni yangu hoja hiyo ina uzito zaidi.

Mashaka huanza pale familia inapopelekwa penye joto na moshi, ikahudumiwa mwisho na kulipa bei ileile, huku meza za mbele ziko tupu. Hali huwa mbaya zaidi ikiwa watoto wa watalii wamekaa mbele na wa wenyeji wamepelekwa nyuma; hapo kisingizio cha kelele hakisimami, kwa sababu kinachopimwa sasa ni rangi au asili. Mwaka 2015 mkahawa mmoja wa Nairobi uliodaiwa kuwazuia Waafrika nyakati za usiku ulifungwa, ingawa sababu iliyotolewa ilikuwa ukosefu wa leseni.

Mzazi anayehisi kuonewa aanze kwa kumuuliza meneja sababu, aiandike kama alivyoelezwa, na aihifadhi risiti, kwa kuwa anayedai ubaguzi ndiye anayetakiwa kuleta ushahidi. Malalamiko hupokelewa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu na Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa. Ombi la kikatiba hupelekwa Mahakama Kuu, ambayo ina kituo hapa Malindi. Kifungu cha 22 kinasema kwamba kulifungua hakutozwi ada, na Kifungu cha 23 kinairuhusu mahakama kuamuru fidia. Wenye mikahawa nao, kwa kuwa Kifungu cha 46 kinampa mteja haki ya kupata taarifa, watundike utaratibu wao mlangoni, pamoja na sababu zake, ili familia iusome kabla ya kuketi.