Bitimapu ndani ya faili la qcow2: yanayodhaniwa na yalivyo

Anayetunza mashine pepe (kompyuta zinazoendeshwa kwa programu ndani ya kompyuta nyingine) za QEMU na KVM hukutana na bitimapu siku anapochoka kunakili diski nzima kila usiku. Bitimapu ni safu ya biti, kila biti ikisimamia kipande kimoja cha diski. Ikiwa 1, kipande kimeandikwa tangu nakala rudufu iliyopita. Ikiwa 0, hakijaguswa. Tangu QEMU 2.10, iliyotoka mwaka 2017, safu hiyo inaweza kukaa ndani ya faili la diski lenyewe, mradi faili liwe la qcow2, muundo wa diski wa QEMU yenyewe, toleo la 3.

"Bitimapu huhifadhi data iliyobadilika."

Haihifadhi hata baiti moja ya data. Inajua mahali tu. Haijui saa, haijui kipande kimeandikwa mara ngapi, wala haijui kama kilichoandikwa kinatofautiana na kilichokuwapo: andika baiti zilezile juu ya zilezile, alama itawekwa vilevile. Anayetaka kurudisha diski ya jana atafute nakala ya jana.

"Italivimbisha faili."

Tupige hesabu. Diski ya terabaiti 1 yenye vipande vya kilobaiti 64 ina vipande 16,777,216. Biti moja kwa kila kipande, jumla ni megabaiti 2. Klasta moja (kizio cha nafasi ndani ya faili la qcow2) ya kilobaiti 64 iliyojaa biti inasimamia gigabaiti 32 za diski, na eneo lisilo na alama hata moja halipewi klasta kabisa. Kwenye jedwali la bitimapu, linaloonyesha klasta zake zilipo, huandikwa sifuri.

Wapo wanaopunguza kipande hadi kilobaiti 4 wakitumaini nakala ndogo zaidi. Bitimapu inapanda hadi megabaiti 32, na faida mara nyingi haionekani, kwa sababu `blockdev-backup`, amri ya QEMU ya kuchukua nakala rudufu, kwa kawaida hunakili kwa vipande visivyopungua kilobaiti 64. Udogo huo una maana kwa programu inayosoma bitimapu kupitia NBD (njia ya kusoma diski kupitia mtandao) na kujichukulia data yenyewe.

"Kila alama inaandikwa papo hapo kwenye faili."

Hii ndiyo dhana inayowagharimu watu. Mashine ikiwa inafanya kazi, bitimapu hai iko kwenye RAM. Huandikwa kwenye faili pale tu faili linapofungwa vizuri. Bitimapu iliyokwisha kuwa ndani ya faili huwekewa bendera ya `in-use` mara faili linapofunguliwa kwa kuandikwa, na bendera hiyo huondolewa wakati wa kufunga. Umeme ukikatika katikati, au mtu akiua mchakato kwa `kill -9`, bendera inabaki. QEMU ikifungua tena inaikuta na kuihesabu bitimapu hiyo kuwa si ya kuaminika. Ile uliyoiunda leo na ambayo faili halijafungwa tangu uiunde haitaonekana kabisa, hata ungeiunda kwa `persistent: true`.

Ukali huo ni wa makusudi. Kuandika alama kwenye diski kabla ya kila uandishi kungepunguza kasi ya mashine. Na alama moja ikikosekana, nakala rudufu inatoka na tundu usiloliona mpaka siku ya kurejesha. Afadhali nakala kamili inayochukua saa tatu.

"Bitimapu imeharibika, basi diski imeharibika."

Hapana. Data ya mgeni, yaani mfumo unaoendeshwa ndani ya mashine pepe, iko kwenye klasta zake. Kilichopotea ni kumbukumbu ya mabadiliko, na hairekebishiki, inafutwa. Zima mashine, kisha:

`qemu-img info diski.qcow2` kuona jina na bendera;
`qemu-img bitmap --remove diski.qcow2 b0` kuifuta, `b0` ikiwa ndiyo jina lake (amri hii ipo tangu QEMU 5.1).

Washa mashine, uunde bitimapu mpya na kuanza nakala kamili ndani ya `transaction` moja (amri kadhaa zinazotekelezwa kwa pamoja) ya QMP, njia ya kuipa QEMU amri ikiwa inafanya kazi. Usianze nakala kwanza kisha ukaunda bitimapu baadaye: kilichoandikwa kati ya hatua hizo mbili hakitakuwa kwenye nakala kamili wala kwenye nyongeza inayofuata, yaani nakala ya vipande vilivyobadilika tu.

"Programu ya zamani ikiandika kwenye faili, bitimapu itadanganya."

Waliobuni muundo waliliona hilo. Kwenye kichwa cha faili kuna biti za kujifuta: programu isiyozielewa hutakiwa kuzifuta inapofungua faili kwa kuandika. Biti ya bitimapu ikikutwa imefutwa, bitimapu zote zinahesabiwa zimepitwa na wakati. Kinga hii inafanya kazi kwa programu inayofuata kanuni. Chombo kinachochokonoa baiti za faili moja kwa moja hakina wa kukizuia.

"Nikichukua snapshoti ya nje, ufuatiliaji unaendelea."

Unakatika. Snapshoti ya nje huligandisha faili la diski na kuelekeza maandishi mapya kwenye faili jingine juu yake. Faili hilo jipya la juu linaanza bila bitimapu, na ile ya zamani inabaki katika faili la chini, haiongezewi alama. Unda nyingine kwenye faili la juu ndani ya `transaction` ileile inayochukua snapshoti, na utakapokunja faili la juu kurudi chini, ziunganishe kwa `block-dirty-bitmap-merge`.

"Kila muundo wa diski unaweza."

Muundo wa raw hauna pa kuziweka. VMware huandika ufuatiliaji wake katika faili la pembeni linaloishia `-ctk.vmdk`, na Hyper-V tangu Windows Server 2016 ina mafaili ya `.rct` na `.mrt` kando ya faili lake la diski, VHDX. Proxmox, mfumo wa kusimamia mashine pepe unaotumia QEMU, inapotuma nakala kwa seva yake ya bakapu hutumia bitimapu ya kwenye RAM tu. Ukizima mashine, nakala inayofuata inasoma diski nzima.

"Nikihamisha diski, bitimapu inakwenda nayo."

Inategemea njia. `qemu-img convert` huziacha nyuma usipoongeza `--bitmaps`. `cp`, mashine ikiwa imezimwa, hubeba kila kitu, na hapo kuna mtego: sasa mafaili mawili yana bitimapu yenye jina moja na alama zilezile. Yote mawili yakiwashwa, kila moja linaanza mlolongo wake wa nakala. Nyongeza ya moja ikibandikwa juu ya nakala ya jingine, programu ya kurejesha inaweza isilalamike, na diski itakayotoka ni mchanganyiko wa mashine mbili. Kwenye faili lililonakiliwa, futa bitimapu kabla ya kuliwasha.