Haibridi Si Moja: Ujue Mfumo Kabla ya Kulinganisha Magari

Swali linalonijia mara nyingi kuliko yote ni hili: "Nichukue Fielder haibridi au Vezel?" Kabla ya kujibu huwa nauliza mambo matatu. Unapita barabara gani kila siku? Unabeba watu wangapi? Na fundi wako ana mashine ya kupimia inayosoma kompyuta ya betri kubwa inayoendesha mota, au inasoma injini tu? Maandishi ya HYBRID, yaani injini ya mafuta na mota ya umeme pamoja, kwenye mlango wa nyuma hayakusaidii kuchagua, kwa sababu chini yake kuna mifumo isiyofanana kabisa, na kila mmoja una mahali pake pa kuharibikia.

Tuanze na haibridi za jina. Nissan Serena ya chesi C26 yenye maandishi ya S-HYBRID ina mota ya kilowati 1.8 tu, iliyokaa mahali pa alternata, pamoja na betri mbili za kawaida za volti 12. Inawasha injini iliyojizima kwenye taa za barabarani na kuisukuma kidogo mno. Haiwezi kulisogeza gari peke yake hata mita moja. Ni gari zuri la familia, lina nafasi, lakini mafuta yake yalinganishe na ya Noah ya kawaida. Serena inayoendeshwa na umeme kweli ni ile ya e-POWER, iliyoanza 2018.

Mfumo wa Toyota

Hapa ndipo yalipo magari mengi yanayoingia kwetu: Aqua, Axio na Fielder za chesi NKE165, Sienta, Prius, Noah na Voxy za ZWR80, na Probox haibridi iliyotoka mwishoni mwa 2018. Ndani ya gia boksi kuna seti ya gia za sayari. Gia ya katikati imefungwa kwenye mota ya kwanza, MG1. Gia ndogo zinazoizunguka zimeshikwa na injini. Pete ya nje inaenda kwenye magurudumu, ambako pia kuna mota ya pili, MG2. Kompyuta ikibadilisha mzunguko wa MG1, uwiano wote unabadilika bila mkanda wala klachi.

Faida yake kubwa ni vile vitu ambavyo havimo. Hakuna stata, MG1 ndiyo inayowasha injini. Hakuna alternata, umeme wa volti 12 unatoka kwenye inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kubwa. Hakuna hata gia ya kurudi nyuma: MG2 inazunguka kinyume, basi. Ndiyo maana Noah haibridi iliyojaa watu saba ikirudi nyuma kwenye mwinuko mkali inasita. Si ubovu. Kwenda nyuma inategemea mota peke yake.

Dereva aliyezoea gari la kawaida hufanya kosa moja kwenye foleni: anaweka N. Katika mfumo huu, gari likiwa N betri kubwa haichajiwi, hata kama injini inaunguruma, na kompresa ya AC ni ya umeme, inaendelea kunywa betri ileile. Acha D ukanyage breki, au weka P.

Kosa la pili ni la mlimani. Ukishuka Kitonga au Mai Mahiu, MG2 inageuza mwendo kuwa umeme na betri inajaa mapema. Ikijaa, hakuna tena pa kupeleka umeme huo, na kazi yote inahamia kwenye pedi za breki. Weka B, nafasi ya gia ya kushukia mlima, mapema kabla betri haijajaa. B inaifanya injini izungushwe bila mafuta, ikaze mwendo. Kwenye tambarare irudishe D, maana B haiongezi nguvu na haipunguzi mafuta.

Sasa betri yenyewe. Aqua ya kwanza (2011 hadi 2021), Fielder na Axio zinatumia moduli (vipande vya betri) 20 za nikeli, kila moja volti 7.2, jumla volti 144. Prius 30 (kizazi cha tatu) na Noah zina moduli 28, jumla volti 201.6. Moduli hizi zimefungwa mfululizo kama shanga kwenye uzi mmoja, na adui yao mkubwa ni joto. Zinapozwa kwa hewa ya ndani ya gari inayovutwa na feni kupitia tundu lililo pembeni au chini ya kiti cha nyuma. Watu wanaziba tundu hilo kwa mabegi, viatu na mazulia, kisha wanashangaa betri kufa.

Hebu litazame kwa karibu. Kwenye Aqua, inama chini ya kiti cha nyuma uone kifuniko cha plastiki chenye matundu. Kivute taratibu kwa vidole, vishikizo vyake vinavunjika ukitumia bisibisi. Ndani kuna chujio la wavu. Kama gari limetembea barabara za vumbi, utakuta utando wa kijivu kama sufi, mnene kiasi cha kubanduka kwa ukucha. Lioshe kwa maji na sabuni kidogo, likauke kabisa, lirudishe. Kwa anayepita vumbi mimi nasema kila kilomita 10,000. Kwenye gari ambalo halijawahi kusafishwa, chujio peke yake halitoshi: feni yenyewe ishushwe, mapanga yake yapigwe brashi kavu, kwa sababu vumbi lililogandia hapo linapunguza upepo hata chujio likiwa safi.

Betri ikichoka, taa za dashibodi zinawaka na mashine ya kupimia inatoa kodi ya hitilafu, P0A80. Hapo ndipo watu wanapopoteza pesa. Gereji inatafuta moduli moja iliyokufa, inaweka nyingine, inafuta kodi, na baada ya miezi michache gari linarudi. Sababu iko kwenye ule uzi wa shanga. Moduli yenye uwezo tofauti na wenzake hujaa au huisha kwa wakati wake, kompyuta inaona tofauti ya volti na kulalamika tena. Ukitengeneza, zipimwe zote kwa mzigo, zipangwe zenye uwezo unaokaribiana. Vipande vya shaba vinavyoziunganisha navyo vinataka macho, hasa kwa magari ya Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar: hewa ya chumvi inaviotesha kutu ya kijani, na nyaya ndogo za kupimia volti zinaliwa kwenye ncha. Betri nzima inaweza kuonekana mbovu kumbe ni kutu. Visuguliwe, virudishwe, na nati zikazwe kwa Nm 5.4 tu. Fundi anayezikaza kwa nguvu ya mkono anang'oa uzi wa skrubu ndani ya moduli.

Na hili halina mjadala: kabla ya kugusa betri, plagi ya usalama ya rangi ya chungwa itolewe, fundi avae glavu za mpira za volti 1,000, asubiri dakika 10 ili kapasita za inveta ziishiwe umeme. Volti 201 za mkondo wa moja kwa moja zinaua.

Prius 30 na Noah zina injini ya 2ZR-FXE, lita 1.8, na hiyo ina ugonjwa wake. Moshi unaorudishwa kwenye injini kupitia EGR unaacha masizi kwenye kipoza cha EGR na kwenye vijitundu vinne vya manifodi, bomba linaloingiza hewa kwenye injini. Vikiziba, joto ndani ya silinda linapanda, na mwisho gasketi ya silinda hedi inaachia. Dalili ya mwanzo ni asubuhi: injini inatetemeka na kugonga sekunde chache, halafu inatulia kana kwamba hakuna kitu. Kulanti, yaani maji ya kupozea, inapungua na huoni inapovujia. Safisha kipoza, valvu na manifodi gari likifika kilomita 120,000 hivi, usingoje taa iwake. Injini ya 1NZ-FXE ya Aqua na Fielder ni ya lita 1.5 na kwa suala hili ni mvumilivu zaidi, ndiyo sababu kwa bajeti ndogo naipendelea.

Pampu ya kulanti ya inveta ni ya umeme na ni tofauti na ya injini. Taa ya READY ya dashibodi, ya kuonyesha gari liko tayari, ikiwa imewaka, fungua kifuniko cha chupa ya inveta utazame: kulanti inatakiwa itikisike. Ikiwa imetulia kama maji ya ndoo, pampu imekufa au kuna hewa ndani, na kodi itakayofuata ni P0A93. Pampu ni spea ndogo. Inveta iliyoungua ni habari nyingine.

Oili ya injini ni 0W-20, Aqua inachukua kama lita 3.7 ukibadilisha na filta, Prius 30 lita 4.2. Gia boksi inatumia Toyota WS peke yake. Nashauri ibadilishwe kila kilomita 100,000, kwa sababu oili hiyohiyo inapoza nyaya za mota.

Honda na Nissan

Fit GP5 na Vezel za kwanza, zilizotoka 2013, zinatumia i-DCD: gia boksi ya gia saba yenye klachi mbili kavu na mota ndani yake. Barabara ikiwa wazi, ni tamu kuendesha na inabana mafuta. Tabu ni foleni ya kusogea hatua mbili mbili. Klachi kavu inayosuguana saa nzima inapata joto, na ujumbe wa joto la gia boksi unatokea kwenye dashibodi. Fit hii iliitwa irudi kurekebishwa mara tano ndani ya mwaka mmoja hivi, nyingi zikiwa kuhusu programu ya gia boksi hiyo, kwa hiyo anayenunua ya 2013 au 2014 ahakikishe programu imesasishwa. Kwenye mlima usilishikilie gari kwa mafuta, lishikilie kwa breki. Fit ya 2020 na Vezel ya 2021 ni kitu kingine: e:HEV haina gia boksi hiyo. Mota inaendesha magurudumu, na ukiwa kasi ya barabara kuu klachi moja inaunganisha injini moja kwa moja. Mtu mwenye uwezo wa kusubiri hiyo asubiri.

Nissan Note e-POWER ya 2016 ni rahisi kuielewa: injini ya lita 1.2 ni jenereta tu. Magurudumu yanasukumwa na mota yenye nguvu ya farasi 109, kutoka betri ndogo ya lithiamu ya takribani kWh 1.5. Mjini inapaa. Kwenye safari ya Dar–Dodoma kwa kilomita 110 kwa saa, umeme unazalishwa kisha unageuzwa tena kuwa mwendo, kila hatua inapoteza kidogo, na ile faida inayeyuka. Kwa anayesafiri mikoani kila wiki sitaichagua.

X-Trail haibridi ya T32 ina mota moja, klachi mbili na CVT, yaani gia boksi ya mkanda. Ni gari refu kutoka ardhini, lakini lina klachi na mkanda wa kutunza pamoja na betri. Fundi asiye na mashine sahihi asiliguse.

Pikapu

Hilux ya volti 48 inaitwa haibridi na wauzaji. Mota yake ni ya kilowati 12 na Nm 65, inaisaidia dizeli ya lita 2.8 kuondoka na kujizima kwenye taa. Uwezo wa kupita maji ya milimita 700 umebaki. Inunue kwa sababu ni Hilux. Mafuta utakayookoa hayatoshi kuwa sababu.

Pikapu ndogo iliyo haibridi kamili ni Ford Maverick, na hii nawaandikia zaidi ndugu walioko Marekani na Kanada. Injini ya lita 2.5, nguvu ya farasi 191 kwa pamoja, gia boksi ya sayari inayofanana kwa kanuni na ya Toyota, mzigo wa kilo 680. Kitanda ni mita 1.37 tu, kwa hiyo mbao ndefu zitatokeza. Matoleo ya 2022 hadi 2024 ya haibridi yanasukuma magurudumu ya mbele pekee na kuvuta kilo 907. Kuanzia modeli ya 2025 unaweza kupata ya magurudumu manne. Usukani uko kushoto, kwa hiyo usiwaze kuja nayo Kenya.

Hesabu na ukaguzi

Namba za kipimo cha mafuta cha Kijapani cha JC08, kama kilomita 35.4 kwa lita za Aqua, zisahau. Kwa matumizi halisi ya mjini nahesabu 20. Gari la petroli la ukubwa huo likipata 12, kwa kilomita 15,000 kwa mwaka ni lita 1,250 dhidi ya 750. Umeokoa lita 500, na kwa bei ya shilingi 3,000 za Tanzania kwa lita ni milioni 1.5. Linganisha kiasi hicho na bei ya betri kwenye duka la spea lililo karibu nawe, upate miaka mingapi ndipo gari lijilipe. Anayetembea kilomita 5,000 kwa mwaka anaokoa laki tano tu, na kwake Fielder ya petroli inatosha.

Aqua ina milimita 140 tu kutoka ardhini na betri iko chini ya kiti cha nyuma. Gari lililowahi kuingiwa maji ya mafuriko, kama ya Jangwani jijini Dar, liache, hata likiwa limeoshwa viti. Vuta mkanda wa kiti cha nyuma mpaka mwisho: tope hubaki pale.

Ukienda kukagua, chukua kifaa cha OBD2 cha bluetooth, cha kusomea kompyuta ya gari, na programu ya Dr. Prius kwenye simu. Kwa Prius utaona vitalu 14 vya betri. Kanyaga mafuta kwa nguvu kwenye mlima, tazama volti zake. Kitalu kimoja kikishuka zaidi ya volti 1 chini ya wenzake, punguza bei ya betri nzima kwenye mazungumzo au ondoka. Kwenye gari lililosimama, kanyaga breki mara kumi usikilize pampu yake: ikiwaka kila baada ya sekunde chache bila kukanyagwa, mfumo unapoteza presha ndani, na kifaa hicho ni ghali.

Ukaguzi huu uanze injini ikiwa baridi, na umwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika. Ukifika ukagusa boneti ukaikuta ya moto, rudi kesho asubuhi.