Askari wa Posta hakupigana Majimaji

Huku Lindi, ambako Majimaji, vita vya kuupinga utawala wa Wajerumani, iliwaka mwaka 1905, wengi husema Sanamu ya Askari iliyoko Posta, Dar es Salaam, ni ya mashujaa wa vita hivyo. Sivyo. Waingereza waliisimamisha 1927 kuwakumbuka Waafrika waliotumikia Vita Kuu ya Kwanza. Itazame: shaba, sare, bunduki yenye singe ikielekea bandarini. Mpiganaji wa Majimaji sare hiyo angeitoa wapi? Maandishi ya chini yanawasifu pia wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, lakini juu kasimama mwanajeshi peke yake. Nairobi angalau mpagazi naye alipewa sanamu. Na Lindi inahusika kweli: Oktoba 1917 Waingereza na Wajerumani walipambana Mahiwa, Waafrika wakifa pande zote mbili.