Je, Margaret Mead alichezewa shere Samoa?

Kuna kisa kinachopendwa sana na wanaoidharau anthropolojia, yaani elimu ya jamii na tamaduni za watu: eti Margaret Mead, mwanaanthropolojia wa Kimarekani wa miaka 23, alifika visiwa vya Samoa, katika bahari ya Pasifiki, mwaka 1925, wasichana wakamtania kuhusu mapenzi yao ya usiku, naye akameza kila neno na kulichapisha kitabuni mwaka 1928. Kisa kitamu. Tatizo ni ushahidi wake.

Aliyekieneza ni Derek Freeman, mwanaanthropolojia mzaliwa wa New Zealand. Kitabu chake cha kumpinga Mead kilitoka 1983, Mead akiwa ameshafariki tangu 1978. Hoja ya utani aliijenga baadaye, juu ya maneno ya bibi mmoja wa Kisamoa aliyehojiwa kuanzia 1987, yaani miaka 60 na ushei baada ya safari ile. Bibi huyo alikuwa rafiki wa Mead, karibu rika moja naye. Hakuwa miongoni mwa wasichana 25 waliobalehe ambao Mead aliwachunguza kwa karibu kisiwani Ta'u. Isitoshe, madaftari ya Mead yamehifadhiwa Marekani, na mwanaanthropolojia Martin Orans aliyeyapekua hakuona kuwa hitimisho la Mead kuhusu mapenzi ya wasichana hao lilitokana na utani huo. Mwanaanthropolojia mwingine, Paul Shankman, naye alifikia uamuzi kama huo.

Si kwamba Mead hana lawama. Alikaa miezi michache tu, na kalamu yake ilipenda kujumlisha mambo. Orans huyohuyo alimkosoa vikali: madai mengine ya Mead, alisema, ni mapana kiasi kwamba hayapimiki kabisa.