Fani ya skechi ambayo haijaisha, ndo nini hasa?

Sekondari tulikaririshwa fani na maudhui, maudhui ni kinachosemwa na fani ni namna kinavyosemwa, ukishatoka kwenye mtihani unasahau. Sasa kwenye michoro fani ipo vilevile, na me naona pa kuionea vizuri ni kwenye skechi mchoraji aliyoiacha njiani, maana picha ikishapakwa rangi ikaiva macho yanakimbilia kitu chenyewe, unasema ah jahazi zuri hilo, umepita.

Ninayo moja hapa. Jamaa alikuwa anachora ufukweni Bagamoyo, maji yamekupwa, jahazi limekaa mchangani, penseli tupu, maji yakajaa jahazi likaondoka na yeye akataka kuitupa karatasi, nikamwomba. Angalia foromali, ule mti wa kufungia tanga: mstari mmoja tu, kaupiga bila kuinua mkono, mwembamba kule nchani halafu unazidi kuwa mzito ukishuka kwenye omo, mbele ya chombo, yaani unahisi kabisa inavyolemea. Omo kaisugua kwa ubavu wa penseli mpaka imekuwa nyeusi tii. Tezi, kule nyuma, haipo! Mistari miwili ya ubavu inakimbilia huko halafu inakatika, kilichobaki ni weupe wa karatasi, na jicho linamalizia lenyewe. Huo weupe unafanya kazi bwana, bila huo lile giza la upande wa omo lingezamisha kila kitu.

Basi fani ndo hiyo: uzito wa mstari, unaelekea wapi, giza na mwanga, nafasi tupu, vitu vimekaaje kwenye karatasi. Kufanana na jahazi ni habari nyingine.

Waitaliano kazi za hivi wanaziita non finito, yaani isiyomalizika. Leonardo da Vinci ana mchoro mkubwa uko National Gallery pale London, karatasi nane zimegundishwa, nyuso kazikoleza kwa mkaa na chaki nyeupe mpaka zina mviringo, ila mkono wa Mtakatifu Anna unaoonyesha juu ni mstari wa nje tu, mtupu ndani, na jicho linarudi palepale kila saa. (Sisemi kila kilichoachwa nusu kisifiwe, mingine ni uvivu.)

Turudi kwenye jahazi letu. Mlingoti kauchora mara tatu na hakufuta, unaona alivyokuwa anautafuta ulalo wake, si unajua milingoti ya majahazi inainamia mbele. Nikamwonyesha mzee mmoja fundi wa mashua, akaweka kidole kwenye mstari wa pili, ule hafifu, akasema, "Mwanangu, wenyewe ndo huu, wa tatu kauinamisha mno." Shikamoo mzee, kwa jahazi yuko sahihi. Ila ukiufunika ule wa tatu kwa kidole, karatasi nzima inalala.