Siti ya pikipiki kwa safari ndefu: sponji gani, umbo gani, na wapi kazi huharibika

Mteja anayelalamika kwamba siti inamuumiza huomba kitu kimoja: iwe laini. Na mafundi wengi humtii. Reksini (ngozi bandia ya juu) inafunguliwa, sponji ya godoro ya sentimita 5 inarundikwa juu ya ile ya kiwandani, inafungwa, na mteja akiikalia pale kibarazani anatabasamu. Kesho yake anatoka Dar es Salaam, na kabla hajaiona Morogoro makalio yanawaka kuliko zamani.

Ukikaa, uzito wako unabebwa na mifupa miwili ya chini ya nyonga. Sponji laini inaminyika chini ya mifupa hiyo mpaka inaisha, na ikishaisha umekalia plastiki ya chini ya siti. Nyama iliyobanwa kati ya mfupa na plastiki inakosa damu, hapo ndipo moto unapoanza. Wakati huohuo sponji ya katikati, ambayo haijabebeshwa mzigo, inabaki imeinuka na kusukuma msamba, mahali inapopita mishipa ya fahamu. Ganzi inatoka huko. Siti ya safari ndefu inatakiwa iwe ngumu kiasi cha kutokuishia, na iwe na umbo la kusambaza uzito mpaka kwenye mapaja. Ulaini kidogo wa juu ni wa kuondoa ukali tu.

Kwa hiyo, kabla ya kushika kisu, muulize mwenye siti anaumia wapi hasa. Maumivu chini ya mifupa miwili yanasema sponji imekwisha au siti ni nyembamba. Ganzi ya msamba inasema pua ya siti (ncha ya mbele) imeinuka katikati, au mtu anateleza kuelekea kwenye tanki. Akisema kingo zinamkata mapaja ya ndani, siti ina kona kali pembeni. Kuchubuka ni joto, jasho na mshono. Mgongo wa chini kuuma kila unapopita kwenye matuta mara nyingi si kazi ya siti kabisa: angalia shokapu zimekazwa hatua ya ngapi, na upepo wa tairi kama unalingana na ulioandikwa kwenye kibandiko cha pikipiki. Mtu aliyekaza shokapu hadi mwisho kwa ajili ya mizigo, kisha akasafiri peke yake, ataumia hata ukimwekea siti ya dhahabu.

Na jambo la bure kabisa: toa ile nailoni ya kiwandani. Najua watu huiacha ili siti ibaki mpya. Inazuia hewa, inatunza jasho, na inateleza.

Kupima mwili na siti

Chukua kipande cha katoni lenye mawimbi ndani, kiweke juu ya ngazi ya saruji, kikalie dakika moja huku umeinama mbele kidogo kama unashika usukani. Utaona mabonde mawili. Pima kutoka katikati ya moja hadi katikati ya lingine. Kwa watu wengi ni sentimita 10 hadi 14, na kwa wanawake kwa kawaida inaelekea upande wa juu. Ongeza sentimita 5 au 6 kila upande, ndio upana wa sehemu bapa unaohitajika pale unapokalia: karibu sentimita 20 hadi 26. Siti nyingi za pikipiki za cc 125 na 150 zina upana huo kwa macho tu, kwa sababu juu zimeviringwa. Sehemu iliyo bapa kweli ni ndogo sana.

Halafu weka alama ya chaki mahali unapokaa. Fanya hivyo ukiwa umebeba kile unachobeba siku zote. Dereva wa bodaboda mwenye abiria wawili nyuma yake anakaa karibu na tanki, mbali kabisa na mahali angekaa akiwa peke yake, na siti iliyochongwa kwa kipimo cha peke yake itampa tuta badala ya bonde. Mwisho weka pima maji juu ya siti ikiwa imefungwa kwenye pikipiki, tairi zote chini na mtu mwingine ameishika wima. Usipime juu ya meza. Siti ikilala mbele, kila ukishika breki unasogea kwenye tanki, unajirudisha kwa mikono, na jioni unalalamika mabega.

Sponji

Hapa ndipo pesa hupotea, kwa sababu dukani sponji zote zinafanana na muuzaji anasema zote ni "hai densiti", yaani nzito. Zipime. Kata kipande cha sentimita 10 kwa 10 kwa 10, hiyo ni lita moja, ukipime kwenye mizani ya jikoni. Idadi ya gramu utakayoipata ndiyo idadi ya kilo kwa mita ya ujazo. Gramu 25 maana yake kilo 25. Kama sponji ni ya unene wa sentimita 5, zidisha kwa mbili.

Sponji ya godoro la kawaida iko kati ya kilo 16 na 25, na kwenye siti itakufa mapema. Mimi sishuki chini ya kilo 40 kwa tabaka la kubeba uzito. Ile sponji ya vipande vya rangi mchanganyiko, iliyosagwa na kugandishwa upya, huanzia kilo 60 na mara nyingi ni 80 au zaidi. Hiyo ndiyo inayostahili kukaa chini. Inauzwa kwa mafundi wa sofa na wa viti vya magari.

Lakini uzito wa sponji na ugumu wake ni mambo mawili. Uzito unakuambia itadumu muda gani kabla ya kulala. Ugumu unaujua kwa kuikalia. Iweke sakafuni, ikalie dakika kumi, kisha ingiza vidole chini ya sponji usawa wa mfupa. Vidole vikiminywa hadi kuuma, sponji imeishia. Ukivisikia vimebanwa lakini unaweza kuvitikisa, ndiyo hiyo. Mtu wa kilo 55 ataiona ile ya vipande ngumu mno. Mpe ya kilo 40 hadi 50 ya kawaida. Mtu wa kilo 90 hana budi kuwa na ile ya vipande.

Mpangilio ninaoutumia ni huu: sponji ya kiwandani inabaki kama msingi, kwa sababu imefinyangwa kufuata plastiki na kwa kawaida ni imara kuliko chochote utakachokikata mwenyewe. Sehemu iliyolala inatolewa na kujazwa sponji ya vipande, unene wa sentimita 3 hadi 4. Juu ya vyote inapita sponji laini ya sentimita 1, siti nzima, kufunika maungio. Chini ya mifupa isiwe pungufu ya sentimita 5 kwa jumla. Wengine hukata mpira wa ndala wakauweka ndani. Unafaa kujenga kingo za pembeni, lakini chini ya mifupa unarudisha kila mtikisiko mwilini.

Kuchonga

Ili kufungua siti, pikipiki nyingi za kazi zina bolti mbili nyuma au pembeni, na mbele kuna ulimi unaoingia chini ya tanki. Ukishatoa bolti, inua nyuma na uvute kuelekea mkiani. Pini za reksini (za stepla) zing'oe kwa bisibisi bapa na plaizi. Reksini ya zamani usiitupe, ni patani yako.

Kata kwa kisu kirefu cha mkate au msumeno wa chuma ulioshikwa bila fremu. Kisu kifupi kinaacha ngazi. Kulainisha tumia grainda yenye msasa namba 36 au 40, ukigusa kwa wepesi na kuisogeza muda wote, maana ukikandamiza inanyakua bonge zima kwa mara moja. Vaa barakoa, vumbi la sponji halifai kifuani.

Anza na mlalo. Kama pima maji imeonyesha siti inashuka mbele, tengeneza kabari: sentimita 2 hadi 2.5 kwenye pua, ikipungua hadi sifuri umbali wa sentimita 20 hivi nyuma. Lengo ni sehemu ya kukalia iwe sawa au iinuke mbele kwa kiasi kidogo sana. Ukizidisha, msamba utakuambia. Kisha toa mviringo wa juu mahali pa kukalia, jaza pembeni upate ule upana wa bapa. Pua iache nyembamba, sentimita 15 hadi 18, kwa sababu ukiipanua miguu haifiki chini. Kila sentimita unayoongeza juu na kila unayoongeza pembeni zinakula urefu wa miguu. Mtu mfupi aliyewekewa sentimita 3 za nyongeza huligundua hilo kwenye foleni, akiwa na abiria.

Bonde la mifupa, yaani shimo linalochongwa pale mifupa inapokaa, lisizidi kina cha sentimita 1.5. Sababu ni reksini. Reksini ya kawaida haivutiki, na ukiivuta juu ya bonde refu inatanda kama ngozi ya ngoma: kazi yote ya kuchonga inabaki chini yake bila kukugusa. Ukitaka bonde refu, tafuta reksini inayovutika pande zote nne, au shona kipande cha katikati peke yake.

Gundi ni ile ya njano ya viatu au ya sofa. Paka pande zote mbili, nyembamba, subiri dakika 5 hadi 10 mpaka kidole hakinati, ndipo ubandike. Kwenye mstari wa maungio, gundi ikiwa nzito hukauka ikawa uzi mgumu ambao utausikia kilomita 100 baadaye. Kwa hiyo iache sentimita moja kabla ya ukingo wa juu. Fanya kazi hii nje, mbali na moto.

Usifunge moja kwa moja. Vuta reksini ya zamani, ishike kwa pini nane au kumi tu, funga siti, endesha saa moja na nusu bila kupumzika. Nusu saa haitoshi. Hata siti mbaya hupita mtihani wa nusu saa. Rudi, chora kwa maka peni palipouma, punguza milimita chache, rudia. Wateja hawapendi hatua hii na mafundi wengi huiruka, ndiyo maana siti nyingi za kuchongwa ni nzuri kwa picha.

Reksini, maji na pini

Mshono usipite pale mifupa inapokaa. Yale maua na majina ya timu yanayoshonwa katikati ya siti za bodaboda ni mapambo yenye gharama: uzi ulioinuka unachubua, na kila tundu la sindano linaingiza mvua. Weka mishono pembeni, tumia uzi wa nailoni au poliesta (wa pamba unaoza), na upande wa ndani ziba kwa kuipaka ile gundi mara mbili. Karatasi nyembamba ya nailoni kati ya sponji na reksini inasaidia, mradi ibandikwe. Ikiachwa huru inakwaruza na kupiga kelele kila ukijigeuza. Matundu ya chini ya plastiki usiyazibe, ndiko maji yanakotoka kwenda nje. Sponji iliyolowa ikamue, ianike kivulini. Jua kali linaifanya iwe njano na kumeguka.

Iache reksini juani dakika 15 ilainike. Piga pini ya kwanza puani, ya pili mkiani, kisha pembeni kwa zamu, kushoto na kulia, ukitoka katikati kwenda ncha, umbali wa sentimita 1 hadi 1.5 kati ya pini na pini. Anayemaliza upande mmoja mzima kwanza anapata mikunjo asiyoweza kuiondoa upande wa pili. Tumia pini za milimita 6. Plastiki ya siti ina unene wa milimita 3 hivi, kwa hiyo za milimita 10 zinatokeza ndani na kutoboa reksini pembeni, ambako sponji ni nyembamba. Zisizoshika kutu zikipatikana, lipa tofauti ya bei.

Kuhusu jeli (pedi laini ya kuwekwa ndani ya siti), naielewa hamu yake, ila inafanya kazi ikifukiwa: ichongewe shimo la kimo chake, juu yake ipite sponji ya sentimita 1. Ikiwekwa juu tu chini ya reksini nyeusi, ukiegesha juani saa moja utaikuta imehifadhi joto lote kwa ajili yako. Mto wa hewa ni mzuri kuliko sifa zake, na lawama zake nyingi zinatokana na kujazwa sana. Ujaze, ukalie, kisha toa hewa polepole mpaka mifupa ibaki imeelea juu ya siti kwa sentimita 1 hadi 1.5. Ukiwa umejaa unayumba kwenye kona na unauma sawa na sponji ngumu. Kama tatizo lako ni joto na jasho tu, usichonge chochote: ngozi ya kondoo yenye manyoya, au kitambaa kinene cha matundu kinachopitisha hewa, kifungwe kwa mikanda juu ya siti uliyonayo. Mikanda ipite chini ya plastiki ya siti, mbali na ekzosi na mnyororo, na ikazwe upya baada ya kilomita 50 za kwanza, kwa sababu manyoya hulala na kitambaa kikaanza kutembea.