Ukali wa picha ya nyeusi na nyeupe: kwa nini naamini 63 kuliko 200

Karatasi ya maelezo ya filamu ya Kodak T-Max 100 ina namba mbili: 200 na 63. Zote zinaeleza filamu hiyo inaweza kutenganisha mistari mingapi ndani ya milimita moja. Namba ya kwanza hupatikana mistari inapopishana kwa mwanga mara 1,000, nyeusi tii juu ya nyeupe pe. Ya pili hupatikana tofauti hiyo ikiwa mara 1.6 tu. Kwenye mabishano ya filamu na dijitali, wapenzi wa filamu huitaja 200 na kudhani mjadala umekwisha. Mimi kazi yangu ni kusafisha filamu, kuziskani na kuchapa picha, na naifuata 63. Nyuzi za kofia ya viua iliyo kivulini, vinyweleo vya mkono, mikunjo midogo chini ya jicho la mzee: hakuna hata kimoja kinachopishana na jirani yake mara 1,000.

Sasa chukua kamera ya dijitali ya megapikseli 24, yenye kihisi (sehemu inayopokea mwanga) cha ukubwa uleule wa fremu ya filamu, milimita 24 kwa 36. Upande mrefu una pikseli 6,000, kwa hiyo kila pikseli ina upana wa milimita 0.006. Mstari mweusi na nafasi nyeupe inayoufuata vinahitaji walau pikseli mbili, hivyo kikomo ni mistari 83 kwa milimita. Kwa vitu vyenye kontrasti ndogo, yaani tofauti ndogo ya mwanga na giza, kamera hiyo haiko nyuma ya T-Max 100. Ukiishindanisha na filamu ya kasi ya 400, ile inayohitaji mwanga kidogo zaidi, iko mbele.

Na hapo hatujaitaja lenzi. Ukilibana tundu lake hadi f/16 (namba ikikua, tundu hupungua), mwanga hutawanyika kwenye tundu dogo kiasi kwamba hata lenzi isiyo na kasoro hubakiza kama theluthi moja tu ya kontrasti kwenye mistari 63. Ukiifungua hadi f/8 hubaki karibu theluthi mbili. Mkono ukitikisika kidogo, hesabu zote hizi hazina kazi. Stendi ya kamera ina faida kuliko kubadilisha filamu.

Hayo ni ya resolusheni, yaani wingi wa mistari inayotenganishika. Ukali ambao jicho huuona ni jambo lingine, na hapa ndipo filamu ya nyeusi na nyeupe inaponivutia hadi leo. Jicho huamua kwamba picha ni kali kwa kuangalia kingo: giza linapogeuka kuwa mwanga, je, linageuka ghafla au polepole? Picha yenye vitu vidogo vingi sana lakini kingo zilizolegea huonekana imefifia. Picha yenye vitu vidogo vichache na kingo zilizokaza huonekana kali hata ukiwa upande wa pili wa chumba.

Dawa ya kusafishia filamu inaweza kuzikaza kingo hizo yenyewe. Chukua Rodinal, iliyoingizwa sokoni na Agfa mwaka 1891 na ambayo bado inatengenezwa kwa majina mbalimbali. Ukiichanganya na maji mengi, mfano sehemu 1 kwa 50, sehemu ya filamu iliyopata mwanga mwingi huila dawa haraka na kuichosha, huku ikitoa bromidi, kemikali inayozuia kazi ya dawa. Mpakani, dawa ambayo bado ina nguvu hutoka upande uliopata mwanga kidogo na kuuongezea uzito ukingo wa upande mzito, ule uliopata mwanga mwingi. Dawa iliyochoka nayo huvuka kwenda upande mwepesi na kuuzuia. Hivyo pande mbili za mpaka huachana zaidi ya zilivyoachana kwa kweli. Ni kama wanja: hauongezi kope hata moja, lakini jicho linakaza. Ndiyo sababu mchoro wa Kodak unaoonyesha jinsi filamu zake nyingi za nyeusi na nyeupe zinavyohifadhi kontrasti huvuka asilimia 100 kwenye mistari mipana, kisha ndipo hushuka. Ukitaka athari hiyo, usiitikise tanki ya kusafishia filamu mfululizo. Itikise kwa upole kila baada ya dakika moja, kisha iache itulie.

D-76, dawa nyingine ya kusafishia filamu, ikiwa haijachanganywa na maji hufanya kinyume. Ina gramu 100 za kemikali ya salfaiti kwa lita, na salfaiti nyingi kiasi hicho huyeyusha pembeni mwa chembe za fedha zinazounda picha. Chembe hulainika, kingo nazo hulegea. Ukiichanganya na maji nusu kwa nusu, chembe hurudi kidogo na ukali unarudi nazo. Mimi huichanganya hivyo karibu kila mara. Chembe zilizo wazi hulipatia jicho kitu cha kushika hata pale lenzi imeishiwa.

Kamera ya dijitali huyapata hayo kwenye programu, kwa kukaza kingo baada ya kupiga. Hata mbinu hiyo ilitoka chumba cha giza: mafundi walibandika negativu pamoja na nakala yake iliyofifishwa makusudi, wakachapa zote mbili kwa pamoja. Tofauti ni kwamba dawa inajua kuacha. Programu haijui, na ukiisukuma utaona utepe mweupe ukizunguka kila paa na kila bega.

Kuna jambo moja la nyeusi na nyeupe ambalo wapigaji wengi wa dijitali hawalifikirii, nalo ni rangi. Vihisi vingi vina vichujio vidogo juu ya kila pikseli, kwa mpangilio aliousajili Bryce Bayer wa Kodak, hataza yake ikatolewa mwaka 1976: katika kila pikseli nne, mbili ni za kijani, moja nyekundu, moja bluu. Sasa funga kichujio chekundu kilichokoza mbele ya lenzi ili anga liwe jeusi na mawingu yajitokeze. Pikseli za kijani na bluu hubaki karibu gizani. Kati ya pikseli milioni 24, zinazofanya kazi ni milioni 6, na programu inakisia zilizobaki. Kwenye filamu, kila chembe inaendelea kupokea mwanga. Leica walipotoa M Monochrom mwaka 2012, kihisi chake cha megapikseli 18 hakikuwa na vichujio hivyo kabisa, na kwa kazi ya namna hii naichagua kamera hiyo kuliko ya rangi yenye pikseli nyingi zaidi.

Wengi wanaoniambia filamu haina ukali hawajaiona filamu yao. Wameona skani. Skana za mezani zinazotangazwa kuwa na dpi (nukta kwa inchi) 6,400 kwa kawaida hutoa chini ya nusu ya hiyo. Chukua dpi 2,300 halisi: ni mistari kama 45 kwa milimita, na 63 tayari imeachwa nje. Weka negativu chini ya lenzi ya kukuzia kabla ya kuihukumu, au ipige kwa kamera ya dijitali yenye lenzi ya makro, ile ya kupiga vitu vidogo kwa karibu.

Kisha jiulize unachapa kwa ukubwa gani. Picha ya sentimita 20 kwa 30 ni fremu iliyokuzwa kama mara 8, na jicho likiwa sentimita 30 hivi haliwezi kutumia zaidi ya mistari 5 au 6 kwa milimita kwenye karatasi. Hapo filamu na dijitali zote zinatosha, na kingo ndizo zinazoamua. Ukifika upana wa mita moja mambo hubadilika. T-Max 100 ya 35mm inabakiwa na mistari 2 hivi kwa milimita, megapikseli 24 zinabakiwa na 3. Filamu hiyohiyo kwenye roli ya 120, ambayo ni pana kuliko 35mm, kwa fremu ya 6×7 (sentimita), inabakiwa na 4 na nusu. Kwa picha kubwa ya ukutani, azima kamera ya 120, ibane lenzi hadi f/8 au f/11, na uisimamishe kwenye stendi.